Safu ya Nne

Daftari ni la mraba, kurasa mia, jalada limeng'oka.
Nililinunua Sikonge mwaka ule mjomba alipopita
bila kupingwa. Nikapiga mistari kwa rula ya kushonea:
Ndiyo. Hapana. Hakuamua.
Safu tatu zinatosha, nilidhani,
kumpima mtu.

Yeremia Kalugula, mzaliwa wa Itobela,
mtoto wa saba wa mzee wa kanisa la Moraviani,
karani wa mizani katika chama cha tumbaku.
Wakulima wanakikumbuka kidole chake:
hakikuwahi kuegemea sahani,
lakini jani lenye unyevu alilirudisha,
hata la mama yake.
"Kanuni ni kanuni," alisema, na bibi
akajitwika mzigo wake maili nne za kurudi
bila kumlaani, bila kumbariki.

Huyo ndiye tuliyempeleka Dodoma,
na suti moja ya kahawia
na dumu la asali ya miombo kwa ajili ya kikohozi.

Kura nyingi bungeni hazina mwenyewe.
Spika anauliza, ukumbi unanguruma,
waliosema ndiyo wameshinda.
Haya, mtafute mjomba ndani ya ngurumo!
Nilianika betri juani zirudishe nguvu,
nikatega sikio redioni
nikijidanganya kwamba nakisikia kikohozi.

Siku za kuita majina, hapo niliandika.

Ushuru wa mazao upande: Ndiyo.
Serikali haili upepo, alisema,
na msimu ule tumbaku yetu ilinunua chumvi tu.
Warina asali watolewe hifadhini: Hapana,
yeye peke yake katika chama chake,
maana mizinga ya babu ilitundikwa mule
kabla ramani haijachorwa.
Wajane warithi bila baraza la ukoo: Hapana.
"Ardhi ina wenyewe, na wengine wamelala chini yake."
Wasichana waliojifungua warudi darasani:

hapa kalamu ilitoboa karatasi.

Mimi nilitolewa kidato cha pili, tumbo la miezi minne.
Wiki hiyo hiyo alikuja na cherehani nyuma ya baiskeli,
akaishusha, akakaza mkanda, akatia mafuta,
akaondoka kabla chai haijachemka.
Miaka kumi na mmoja baadaye, kwenye kipaza sauti,
hakunitaja jina. Alisema "mfano mbaya."
Meza zikapigwa.
Hata wanawake wa bombani walisema amesimama kiume,
nami nilikuwa kwenye foleni, na ndoo yangu.

Kisha ukaja muswada wa umri wa kuolewa.
Karani wa Bunge akafika kwenye K.
Kalugula, Yeremia.
Kimya.
Akazunguka majina yote, akarudi kwa waliokosekana.
Kalugula, Yeremia.

Redio ilikuwa dirishani kwangu,
na mjomba alikuwa uani, juu ya kigoda,
ameshuka treni Tabora usiku, vumbi la basi bado kwenye kola.
Nyanzala wangu, miaka kumi na minne,
alikuwa akimsomea hesabu za desimali.
Posa yake ilikuwa imeletwa Jumanne:
ng'ombe kumi na wawili, na mjomba ndiye mwenye neno.
Alilisikia jina lake. Niliona shingo ikikakamaa.
Akamwambia mtoto, "Hapo umeruka nukta. Soma tena."

Betri zikafa kabla ya jumla.
Aliuliza bei ya mtama, akala, akanawa.
Ng'ombe hakuwataja. Jioni wakapita njiani
wakirudi kwao, wote kumi na wawili; niliwahesabu.

Mjomba, kutokuwepo si jibu.
Mabinti wa watu wengine hawana uani kwako.
Nilitaka kumwambia hivyo, nikamfungia karanga za safari.

Usiku nikachora safu ya nne.
Mpaka leo haina kichwa.
Ndani yake kuna tarehe tu,
na alama ya kidole cha Nyanzala, yenye wino,
alipokuja kuazima rula.